Wenyewe Wako Wapi?

Mama alipiga hodi.

Tulikuwa mlangoni mwa kanisa la Mtakatifu Teilo, kwenye makumbusho ya St Fagans, nje kidogo ya Cardiff, Wales. Mlango uko wazi. Watoto wa shule wanatoka mbio, wanatupita huku na huku. Mama kasimama kizingitini na mtandio wake, kashika jiwe la mlango kwa mkono mmoja, anasema hodi. Anangoja. Anasema tena.

"Mama, hii ni makumbusho. Ingia tu."

Hakuingia. Aligeuka akaitazama nyasi iliyozunguka kuta, imekatwa vizuri, haina mwinuko hata mmoja. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya mtu aliyefika kwa jirani akakuta kuku tu:

"Wenyewe wako wapi?"

Nikamjibu ovyo, kwamba wenyewe walikufa zamani.

"Najua wamekufa. Nauliza wamelala wapi."

Mzee mmoja mhudumu, aliyekuwa amekaa ndani kivulini, akatoka kuona kwa nini tumeganda pale. Nikamweleza habari ya hodi. Akacheka, akamtazama Mama, akasema kwa Kiwelisi: *Dewch i mewn*. Mama hakuhitaji tafsiri. Alivua viatu nusu, akakumbuka yuko ugenini, akavivaa, akaingia.

Hiyo ilikuwa mwezi wa tano. Mama amesharudi Muheza. Swali lake aliniachia, na wiki zote hizi nimekuwa nikilikuta kila nikitoka zamu ya usiku, nikiwa nimekaa kwenye basi sina la kufanya.

## Rangi

Nimeishi Wales miaka tisa, na makanisa ya huku nimeyazoea: mawe ya kijivu, kuta tupu, harufu ya unyevunyevu, sanduku la kuchangia paa linalovuja.

Kwa Teilo macho yanashtuka. Kuta zimejaa watu. Kuna wekundu wa udongo, kuna njano, kuna weusi, na vyote vinang'aa kana kwamba fundi kaosha brashi jana. Kristofa, mkubwa kuliko binadamu yeyote, anavuka mto na mtoto Yesu begani. Watu wa zama hizo waliamini kwamba ukimwona Kristofa leo, leo hufi kifo cha ghafla. Ndiyo maana makanisani alichorwa mkubwa namna ile, mahali ambapo hata anayepita mlangoni kwa haraka zake angemwona. Kwingine Yesu amefungwa na wanaume wanamdhihaki, wanamtemea mate.

Kati ya waumini na madhabahu kuna kiambaza cha mwaloni kilichochongwa matundu matundu, unaona upande wa pili lakini huvuki. Juu yake roshani nyembamba, na juu ya roshani Kristo msalabani.

Mama alipiga ishara ya msalaba, akaanza kutafuta kwa macho taa ya sakramenti.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kichekesho cha mambo. Mama ni Mbondei, kabatizwa Magila, pale Msalabani. Wamisionari wa UMCA, ile misheni ya vyuo vikuu vya Uingereza, waliofungua Magila walikuwa Waanglikana wa ubani, kengele na kanzu zenye nakshi. Walivipenda vitu ambavyo nchi yao wenyewe ilikuwa imevivunja na kuvipaka chokaa miaka 300 nyuma. Wawelisi wengi wa karne ile ya 19, kwa upande wao, walikuwa wamekwenda kwenye makanisa ya Kimethodisti, ya Kibatisti, ya Kujitegemea: mimbari, tenzi za sauti nne, kuta nyeupe. Kwa hiyo mwaka huu, katika kanisa la Kiwelisi lililopambwa kama la mwaka 1530, mtu aliyejua asimame wapi na apige goti wapi alikuwa mama yangu.

Wenyeji walikuwa wanapiga picha.

## Jiwe kwa jiwe

Kanisa hili halikujengwa hapa. Lilijengwa ukingoni mwa mto Llwchwr, Llandeilo Tal-y-bont, karibu na mji wa Pontarddulais, zaidi ya kilomita 70 kwa barabara kutoka Cardiff. Sehemu zake za zamani ni za enzi za kati zenyewe, karne ya 12 au ya 13. Baadaye likapanuliwa kwa ubavuni, kama nyumba ya familia inayoongezeka. Hakuna mbunifu mmoja wa kumtaja. Kila kizazi kilipopata fedha kidogo kiliongeza ukuta.

Kisha watu wakahama. Mji ulikua mbali na mto, na katikati ya karne ya 19 Pontarddulais ikapata kanisa jipya. Lile la zamani likabaki kinamasini, watu wakaliita kwa jina hilo hilo, Hen Eglwys, Kanisa la Zamani, likifunguliwa mara moja moja, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970 likafungwa moja kwa moja. Vigae vya paa vikaondoka. Mvua ikaingia.

Mvua ndiyo iliyofanya kazi ambayo hakuna aliyeithubutu. Ilinyesha juu ya kuta, ikalegeza chokaa, tabaka baada ya tabaka, na nyuma ya chokaa zikaanza kujitokeza sura.

Mwaka 1984 makumbusho wakaanza kulibomoa. Picha za ukutani zikarekodiwa, zikabanduliwa pamoja na lipu yake. Jengo likashushwa jiwe kwa jiwe, likapakiwa, likasafirishwa. Likafunguliwa upya Oktoba 2007. Zaidi ya miaka 20, na sehemu kubwa ya muda huo ilikwenda kwenye kujifunza: kuchonga mwaloni mbichi kwa shoka na patasi, kusaga rangi, kuchora juu ya chokaa kwa mkono ule wa zamani. Picha unazoziona ukutani leo ni mpya, zimechorwa kwa kufuata zile za asili. Za asili zenyewe zimehifadhiwa kwingine, zimefifia, vipande vipande.

Makaburi hayakuhama.

Mhudumu alituambia hivyo bila kusita, ni swali analolizoea. "Walibaki," alisema. Nilipomtafsiria Mama, aliitikia kwa kichwa polepole, namna anavyoitikia bei aliyotajiwa sokoni ambayo hana nia ya kuilipa.

## Mwaka mmoja

Nilikasirika kwanza. Nikiri hilo.

Hapo hapo St Fagans, dakika chache kwa miguu, kuna safu ya nyumba sita za wafanyakazi wa chuma kutoka Rhyd-y-car, Merthyr Tydfil. Kila nyumba imepangwa kwa mwaka wake: 1805, 1855, 1895, 1925, 1955, 1985. Unaanza na meko na kigoda, unamalizia na televisheni. Unatembea mlango hadi mlango na unazeeka pamoja na watu. Kwangu mimi ndiyo kazi bora kuliko zote katika makumbusho yale, na Mama aliipenda kwa sababu nyumba ya 1955 ina pasi kama ya bibi.

Kanisa lilipewa mwaka mmoja tu. Karibu 1530.

Fikiria mwaka wenyewe. Miaka minne baadaye, 1534, Henry VIII anavunja uhusiano na Roma. 1536 inakuja sheria ya kuiunganisha Wales na Uingereza, na mahakama zinatakiwa ziendeshwe kwa Kiingereza. Kuanzia 1547, chini ya kijana Edward VI, amri zinatoka: sanamu zishushwe, picha zifutwe. 1549 Kilatini kinaondolewa kanisani na Kiingereza kinaingia, na kwa Mwelisi wa Tal-y-bont hiyo ilikuwa kubadilishiwa lugha asiyoielewa kwa nyingine asiyoielewa. Kilatini angalau alikuwa amekizoea sikioni. Mpaka 1567 ndipo Agano Jipya na kitabu cha sala vinatoka kwa Kiwelisi, na 1588 Biblia nzima, kazi ya William Morgan, ile ambayo watu wa huku watakwambia bila kuulizwa kwamba ndiyo iliyoiokoa lugha yao.

Makanisa mengi yaliyopakwa chokaa yalipata maandishi mahali pa picha: Amri Kumi, Baba Yetu, Imani, nembo ya mfalme. Na muda ulivyokwenda, maandishi hayo yakawa ya Kiwelisi. Yaani ukuta ulinyamazishwa, halafu ukajifunza kusema lugha ya nyumbani.

Hayo yote yameondolewa. Makumbusho ya watu wa Wales yalichagua saa moja kabla ya ukuta kuanza kuongea Kiwelisi, na kwa ajili ya saa hiyo miaka 400 na ushee iliyofuata ikawekwa pembeni: mabenchi, maandishi, madirisha ya waliokuja baadaye. Niliona kama mtu aliyemrithi bibi yake, akachoma picha zote akabakiza ile ya harusi.

Nilimwandikia rafiki yangu mmoja, fundi ujenzi, Mzanzibari, maneno hayo hayo. Akanijibu kwa sauti ya dakika nne. Kiini chake ni hiki: "Wewe unataka wafanyeje? Picha ya 1500 na maandishi ya 1700 yako ukuta mmoja, moja juu ya nyingine. Huwezi kuonyesha zote. Chagua."

Nyumba sita zina kuta sita. Kanisa lina ukuta mmoja.

Nilikaa na hilo siku mbili. Bado nadhani wangeweza kuacha kona moja, hata ya ukubwa wa mlango. Lakini hasira ilikuwa imeshapungua.

## Chokaa

Rafiki yangu huyo ndiye aliyenipeleka Llancarfan, kijiji cha bondeni kusini mwa Wales, kwenye kanisa la Mtakatifu Cadoc. "Kama unataka la kweli," alisema, "lipo."

Pale mambo yalikwenda kinyume. Wakati wa matengenezo ya paa mtu aliona mstari mwembamba mwekundu kwenye lipu. Mwaka 2008 wataalamu wakaanza kubandua chokaa kwa vijembe vidogo, tabaka zinazokaribia 20, na nyuma yake akatokea Mtakatifu George juu ya farasi, joka, binti mfalme, na mfalme na malkia wanachungulia kutoka ngomeni. Baadaye Dhambi Saba za Mauti. Na kwenye kona, kijana aliyevaa akapendeza, upanga kiunoni, anashikwa mkono na maiti iliyofunikwa sanda. Zote ni za mwishoni mwa karne ya 15.

Hakuna kilichochorwa upya. George ana uso, farasi kakatika, panapobomoka pameachwa pabomoke. Nilisimama karibu na yule kijana mpaka nikaona brashi ilipopita: mstari unaanza mnene, unakonda, unaisha ghafla pale ambapo rangi ilikwisha. Chini yake kuna alama nyeupe za chokaa zilizogoma kutoka.

Rafiki yangu hakuwa anamtazama kijana. Alikuwa anaipapasa ile chokaa.

"Unajua hii ndiyo iliyowatunza?"

Mtu aliyekulia pwani hahitaji kuelezwa sana. Unachoma mawe tanurini, huku ya chokaa, kwetu matumbawe, moto mkali mpaka yalegee. Unayazima kwa maji, yanachemka yenyewe bila moto. Unapaka. Na ukutani chokaa inaivuta hewa polepole, inarudi kuwa jiwe. Waliotumwa kufuta picha hizi hawakuwa na kitu cha rahisi zaidi, na kwa kupaka jiwe jembamba juu yake wakazifungia mbali na moshi, jua na mikono. Ukuta wa chokaa unapumua. Rafiki yangu alianza tena hotuba yake ya saruji, namna ilivyoua nyumba za Mji Mkongwe kwa kufungia maji ndani ya kuta, na huku pia namna walivyolazimika kuibandua saruji ya karne iliyopita kwenye makanisa. Nilimwacha aseme. Ana haki.

Mimi nilikuwa nawaza yule aliyeshika brashi. Mtu wa kijiji hicho hicho, pengine, aliyebatizwa chini ya picha hizo. Kaambiwa afute. Angeweza kukwangua. Kupaka ni rahisi kuliko kukwangua, na amri ilikuwa imetimizwa. Sijui kwa nini nataka awe alifanya makusudi.

## Miili mitatu

Kuna hadithi ya Teilo ambayo kila Mwelisi wa kanisani anaijua. Alikuwa askofu, karne ya 6. Alipofariki, makanisa matatu yaligombea mwili wake: Llandeilo Fawr alikofia, Penally kwenye makaburi ya ukoo wake, na Llandaff alikokuwa askofu. Wakabishana mchana kutwa. Usiku wakasali. Asubuhi wakakuta miili mitatu, yote sawa, kila kundi likabeba wa kwake likaenda.

Nilipoisoma nilicheka peke yangu kwenye basi, halafu nikaacha kucheka.

Majira ya baridi yaliyopita tulifiwa na mzee wetu mmoja hapa Cardiff. Kundi la WhatsApp lilikesha siku tano. Kaka mmoja anataka mwili urudi Tanga, mwingine anasema watoto wako hapa nani atakwenda kumfyekea kaburi, mhasibu wa kundi anaweka hesabu ya michango kila baada ya saa mbili, na kuna shangazi ambaye alituma ujumbe mmoja tu, "Mwili si mzigo," na hatukuelewa yuko upande gani. Mwishowe alizikwa hapa. Kaburi lake nimelitembelea mara moja.

Teilo alimaliza kwa usiku mmoja jambo linalotushinda sisi wenye intaneti.

Na tazama hili: Llandaff, yenye mmoja wa miili mitatu, ni hapo hapo Cardiff, kilomita chache kutoka St Fagans. Kanisa lililovunjwa ukingoni mwa Llwchwr limekuja kuwa jirani na mwenye jina. Kama ungetaka kumjibu Mama kwa hila, ungeweza kusema kwamba mwenyewe yuko palepale jirani.

Lakini Mama hakuuliza mwenyewe. Aliuliza wenyewe.

## Llan

Kiwelisi hugeuza herufi ya mwanzo ya neno kufuatana na lililotangulia. Teilo akitanguliwa na *llan* anakuwa Deilo: Llandeilo. Mgeni wa lugha hiyo huchoka siku ya kwanza. Sisi tunaosema mtu mrefu na nyumba ndefu hatuna haki ya kulalamika.

Hilo *llan* siku hizi hutafsiriwa kanisa. Asili yake ni uwanja. Ni kipande cha ardhi kilichozungushiwa ukuta, kikatengwa, watu wakazikwa humo. Jengo lilikuja ndani yake, likaanguka, likajengwa jingine.

Niliposoma hivyo nilimaliza kuvaa sare na kuchelewa basi.

Kwa sababu maana yake ni kwamba makumbusho walichukua jengo. Llan haikuhama. Haihamishiki. Ingekuwa kama kuhamisha shamba.

Jumamosi iliyofuata nikapanda treni hadi Swansea, kisha ile treni ndogo ya reli ya Heart of Wales inayopita mara chache kwa siku, nikashuka Pontarddulais. Nilitembea na mabuti ya mpira niliyoazima. Mto pale unapanda na kushuka na bahari, majani ya kinamasi yanalala upande mmoja kufuata maji yalikopita. Barabara kuu ya M4 iko karibu, unaisikia muda wote, mvumo usio na pumzi. Nilikuwa nimejiandaa kuona huzuni. Nilikuta ng'ombe.

Na makaburi. Mawe ya bapa yaliyoinama, *Er cof am*, kwa kumbukumbu ya, kisha majina yaliyoliwa na mvua. Katikati yao uwazi, mahali palipokuwa pa kanisa. Nilisimama kwenye uwazi huo nikijaribu kumweka Kristofa ukutani kichwani mwangu, nikashindwa, nikaishia kutazama jiwe moja ambalo mtu alikuwa ameng'oa magugu mbele yake. Magugu yalikuwa bado mabichi, yamelundikwa pembeni. Mtu alikuja wiki ile.

Sikupiga hodi. Nilifikiria, nikaona haya, mbele ya ng'ombe.

Jioni nilimpigia Mama. Baada ya shikamoo na habari za shamba nikamwambia nimefika kule walikolala.

"Kunafyekwa?"

"Sehemu sehemu."

"Na ukuta upo?"

"Umebaki vipande."

Akanyamaza kidogo, nikasikia redio ya jirani na kuku. Nikadhani atasema neno juu ya wale watu wa mtoni. Akasema kaburi la babu limeanza kuota ukungu upande wa magharibi, na Krismasi inakuja, na kijana wa kulipaka amepatikana ila anataka alipwe kabla.

"Nitumie ya mifuko miwili ya chokaa," akasema. "Usinitumie ya rangi. Rangi inabanduka."